Shemasi Mwenye Shamba la Mahindi

Mtu akitaja shemasi wa Kanisa Katoliki, wengi wetu tunamfikiria kijana aliyetoka seminari. Anakaa shemasi kwa muda mfupi, halafu anapewa upadre. Hana mke. Hana shamba lake.

Leo tutasoma habari za shemasi wa namna nyingine. Huyu ana mke na watoto. Analima mahindi. Hatakuwa padre. Atabaki shemasi mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa hiyo anaitwa shemasi wa kudumu.

Mashemasi wa kudumu wapo katika nchi nyingi. Wengine ni walimu, wengine mafundi, wengine makarani. Sisi tutakwenda kwa wakulima wa Chiapas, katika nchi ya Meksiko. Huko mashemasi wakulima walikuwa wengi sana, hata wakubwa wa Kanisa huko Roma wakaingiwa na wasiwasi.

WATU WA CHIAPAS

Chiapas ni mkoa wa kusini mwa Meksiko. Unapakana na nchi ya Guatemala. Una milima mirefu yenye misonobari na baridi kali. Una pia mabonde yenye joto ambako kahawa inastawi.

Wenyeji wa huko ni Wamaya. Wamegawanyika katika makabila kadhaa: Watzeltal, Watzotzil, Wachol, Watojolabal na wengine. Kila kabila lina lugha yake. Wanalima mahindi, maharage na maboga katika shamba moja. Mahindi haya tunayosonga ugali sisi asili yake ni Meksiko, kwa hiyo wakulima hawa si wageni wetu kabisa.

Zamani maisha yao yalikuwa magumu. Wengi walifanya kazi katika mashamba makubwa ya matajiri, na madeni yao kwa tajiri hayakwisha. Mjini San Cristóbal de las Casas, Mmaya akikutana na mtu wa mjini alitakiwa kushuka njia ya miguu na kumpisha.

Mwaka 1960 askofu mpya alianza kazi katika jimbo la San Cristóbal. Jina lake Samuel Ruiz García. Alikaa huko miaka 40. Alikwenda vijijini kwa miguu na kwa nyumbu, akajifunza kusema lugha za wenyeji. Aliona kwamba mapadre ni wachache na vijiji ni vingi. Kijiji kingine kilimwona padre mara moja au mbili tu kwa mwaka. Basi yeye na wenzake wakafundisha makatekista, wanaume kwa wanawake, maelfu yao.

Mwezi wa Oktoba 1974 ulifanyika mkutano mkubwa mjini San Cristóbal. Wajumbe zaidi ya 1,000 walikuja kutoka katika makabila yale manne. Walizungumza mambo manne: ardhi, biashara, elimu na afya. Kila mtu alisema kwa lugha yake, na vijana wao wenyewe walitafsiri. Watu ambao jana walishuka njiani kuwapisha wengine, sasa walisimama jukwaani.

Baada ya mkutano huo wazee wa Kitzeltal walikuwa na neno kwa askofu. Mapadre wengi ni wageni, walisema. Wakiondoka, kazi itakufa. Walitaka watu wao wenyewe wapewe daraja, ili kazi iwe na mizizi kijijini.

DARAJA LA ZAMANI LARUDISHWA

Ushemasi ni kazi ya tangu Kanisa la mwanzo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza ugomvi juu ya chakula. Wajane wengine walilalamika kwamba wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume wakataka wachaguliwe watu saba wa kusimamia jambo hilo. Kanisa linawahesabu hao saba kuwa mfano wa mashemasi.

Baadaye, katika Kanisa la upande wa Roma, ushemasi ukawa ngazi tu ya kupandia upadre. Ulikaa hivyo kwa karne nyingi. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikubali ushemasi wa kudumu urudishwe, na kwamba watu wenye wake waweze kuupokea. Mwaka 1967 Papa Paulo wa Sita alitoa taratibu zake.

Shemasi anaweza kubatiza. Anaweza kufungisha ndoa. Anasoma Injili na kuhubiri. Anazika wafu. Anawapelekea wagonjwa Komunyo. Hawezi kuadhimisha Misa. Hawezi kuungamisha watu, wala kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu. Kazi hizo ni za padre na askofu.

Watzeltal walikuwa na neno tayari la kumwita mtu huyu. Walimwita tuhunel. Maana yake ni mtumishi.

JINSI ANAVYOCHAGULIWA

Kwa desturi ya Wamaya, mtu mzima hupewa kazi ya kutumikia kijiji kwa muda. Kazi hiyo haina mshahara. Mara nyingi inamla mtu fedha zake mwenyewe, kwa mfano anapolisha watu wakati wa sikukuu. Akimaliza kazi ndogo anapewa kubwa zaidi. Mwisho anakuwa mzee anayesikilizwa. Tena, kwao mtu asiye na mke hajahesabiwa mtu mzima kamili. Hii ndiyo sababu moja iliyofanya vijana wachache wa Kimaya waende upadre. Nani atamsikiliza mtu ambaye hajui hata kutunza nyumba?

Ushemasi wa kudumu uliingia katika desturi hiyo kama mpini katika jembe. Mtu hajipendekezi mwenyewe. Kijiji kinakutana, kinajadili, kinataja jina. Wanatazama kama anaishi vizuri na mkewe, kama halewi, kama analima, kama anajua kupatanisha watu. Pombe kali ya miwa imeharibu nyumba nyingi huko, kwa hiyo jambo la ulevi halipiti kimyakimya.

Aliyetajwa anafanya kazi kwa miaka kadhaa akiwa bado hajapewa daraja. Anajifunza na anatazamwa. Wengine katika kizazi cha kwanza walijifunza kusoma wakiwa tayari na ndevu. Walifuata maneno ya Injili kwa kidole, neno moja moja, kwa mwanga wa mshumaa. Msomaji aliyepita darasa la kisomo cha watu wazima anaijua kazi hiyo.

Sheria ya Kanisa inasema mwenye mke asipewe ushemasi kabla ya kutimiza miaka 35, na lazima mkewe akubali. Mke akikataa, jambo limekwisha.

SIKU ZA KAZI

Siku ya kawaida ya shemasi wa Chiapas inaanza kama ya jirani yake. Kabla ya jua kuchomoza mke anasaga mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Anatengeneza mikate myembamba ya kuoka kwenye kikaango cha udongo au cha bati. Kisha mume anachukua panga na jembe, anakwenda shambani.

Wakati wa kupanda hutoboa ardhi kwa mti uliochongwa ncha, kwa sababu miteremko ni mikali na ina mawe. Anatia punje chache katika kila shimo. Kwenye kahawa kuna kupalilia, kuchuma, kumenya na kuanika. Hapati mshahara wa Kanisa. Watoto wake wanakula kinachotoka shambani. Bei ya kahawa ilipoanguka mwaka 1989 naye aliumia kama mkulima mwingine yeyote.

Lakini habari ya kifo haingoji palizi. Mtu akija mbio kusema kwamba mzee fulani amefariki kijiji cha pili, shemasi anaacha panga. Anavaa nguo safi. Anatia katika mfuko kitabu cha Injili na stola, yaani ule ukanda wa kitambaa ambao shemasi huvaa kutoka bega la kushoto kwenda ubavu wa kulia. Mkewe anamfungia donge la mahindi yaliyosagwa katika jani la mgomba. Huko wanaliita posoli. Njiani anamega kipande, anakivuruga katika maji, anakunywa. Ni chakula na kinywaji pamoja. Mtu anaweza kutembea kutwa nzima milimani kwa posoli.

Akifika hatangulii kusema. Kuna mzee wa kushauri ambaye anafuatana naye katika kazi, na wazee wa pale nao wana nafasi yao. Watu wanasali kwa sauti, wote pamoja, kila mmoja kwa maneno yake. Mgeni anaweza kudhani ni fujo. Wenyewe wanajua wanachofanya. Kinubi, gitaa na ngoma vinapigwa. Sakafu imetandazwa majani ya misonobari. Mishumaa imepangwa chini kufuata pande nne za dunia: mwekundu mashariki, mweusi magharibi, mweupe kaskazini na wa manjano kusini. Katikati ni rangi ya kijani au ya bluu.

Kazi inayokula muda zaidi ni usuluhishi. Ndugu wawili wamegombania mpaka wa shamba. Mume amempiga mke. Ng'ombe wa mtu amekula mahindi ya mwingine. Wamaya wengi huona mahakama ya mjini ni mbali, inasema Kihispania na inataka fedha. Kwa hiyo watu huwaita wazee na shemasi. Wanakaa mpaka usiku. Kila upande unasema mpaka umalize. Si haki kumkatiza mtu. Wakipatana wanakula pamoja. Wasipopatana shemasi atarudi kesho, na shamba lake litangoja tena.

MKE WA SHEMASI

Katika jimbo hilo kijiji humwangalia mke na mume pamoja. Mke hapewi daraja, lakini anafuatana na mumewe katika masomo na katika safari nyingi. Wanawake wenye mashaka huzungumza naye kwanza. Anajua mambo ambayo mumewe hatayasikia kamwe.

Na yeye ndiye anayelipa sehemu kubwa ya gharama. Mume akiwa kilimani siku tatu, nani anakata kuni? Nani anafukuza ndege shambani? Mke akikubali mumewe awe shemasi anakubali pia mzigo huo, na haifai kuusahau tunapomsifu mume.

Kuna jambo gumu zaidi. Shemasi akifiwa na mkewe, sheria ya Kanisa haimruhusu kuoa tena, isipokuwa apate ruhusa maalum kutoka Roma. Fikiri juu ya mkulima aliyebaki na watoto wadogo watano, na hakuna wa kusaga mahindi alfajiri. Sharti hilo analijua tangu mwanzo. Mkewe naye analijua.

ROMA YASEMA NGOJENI

Mpaka mwaka 2000, Askofu Ruiz alipoondoka, mashemasi wa kudumu wa jimbo hilo walikuwa wamezidi 300. Mapadre walikuwa wachache sana wakilinganishwa nao.

Mwanzoni mwa mwaka 2002 barua ilifika kutoka Vatikano. Iliagiza jimbo lisitoe tena daraja la ushemasi wa kudumu kwa wakati huo. Wakubwa wa Roma waliona hesabu haiko sawa. Waliogopa pia kwamba watu wa Chiapas wanangoja siku mashemasi hao wenye wake watakapofanywa mapadre. Walitaka nguvu ziwekwe katika kuwapata vijana wa kwenda seminari.

Sisi gazeti la wakulima hatuamui kesi ya Kanisa. Lakini mkulima yeyote ataelewa tatizo lililofuata. Waliokwisha kuwa mashemasi waliendelea na kazi. Miaka ikapita. Magoti yakachoka. Wengine wakafa. Vijiji vilikuwa na watu waliochaguliwa na kufundishwa, na watu hao wakangoja. Askofu mpya, Felipe Arizmendi, aliwaongoza katika kungoja huko huku akizungumza na Roma.

Ilichukua miaka 12. Mwezi wa Mei 2014 ilitangazwa kwamba Papa Fransisko ameondoa katazo. Tarehe 15 Februari 2016 Papa mwenyewe alifika San Cristóbal. Katika Misa ile masomo na sala vilisikika kwa lugha za Kimaya. Papa alisali pia kwenye kaburi la Samuel Ruiz, ambaye alifariki mwaka 2011. Mwezi wa Novemba 2024 Vatikano ilikubali rasmi baadhi ya desturi za wenyeji katika Misa: ngoma ya kusali, wanawake kufukiza ubani, na wazee kuongoza sala fulani.

HATARI NA UPUNGUFU

Kusali na kupatanisha watu huko si kazi ya usalama. Tarehe 22 Desemba 1997, katika kijiji cha Acteal, watu wenye bunduki waliwaua Watzotzil 45 waliokuwa wamekusanyika kwa sala. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tarehe 20 Oktoba 2024, padre wa Kitzotzil, Marcelo Pérez, aliyejulikana kwa kazi yake ya kuleta amani, alipigwa risasi mjini San Cristóbal alipokuwa ametoka kusalisha Misa. Siku hizi magenge ya wauza dawa za kulevya yanagombania njia za mpakani. Shemasi anayetembea peke yake jioni anafikiri mara mbili.

Upungufu mwingine hauna kelele. Bei ya mahindi na kahawa haitoshi, na vijana wa Chiapas wanaondoka. Wanakwenda mashamba makubwa ya kaskazini mwa Meksiko. Wanakwenda Marekani kujenga nyumba za watu na kuosha vyombo hotelini. Wanatuma fedha, na nyumba za matofali zinaota pale palipokuwa na nyumba za mbao. Kijiji kinapokutana kumchagua shemasi, kinatafuta mwanamume wa miaka 35 au zaidi, anayeishi na mkewe na kulima shamba lake. Jina linatajwa, na mtu anajibu kutoka nyuma kwamba huyo yuko ng'ambo, mwaka wa tatu huu.