Hujachelewa kuanza jambo jipya

Hakuna mchumaji chai wa Kericho au Bomet aliyezaliwa na ujuzi huo. Siku ya kwanza vidole huwa vizito, kikapu hakijai na wenzake humwacha nyuma. Baada ya muda, mikono huchuma majani mawili na chipukizi lake upesi, hata akiwa anapiga soga.

Lakini mtu huyohuyo akistaafu na kuhama nyumba ya kampuni, mara nyingi hukaa kutwa nje ya duka akidai kuwa amezeeka na hawezi kujifunza tena. Hata sisi tunaofanya kazi za ofisini mijini tuna tabia hiyo. Kufanya hivyo ni kuinyima akili mazoezi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, Marekani, waliwafundisha watu wa kati ya miaka 60 na 90 kupiga picha kwa kamera za kisasa au kushona mablanketi ya viraka. Walijifunza kwa miezi mitatu, kama saa 15 kwa wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalionyesha kuwa kumbukumbu zao ziliimarika kuliko za wenzao waliokutana kwa mazungumzo na matembezi tu.

Siri imo katika ugumu wenyewe. Kazi uliyoizoea haiushughulishi ubongo sana. Kazi mpya huulazimisha kukumbuka, kukosea na kusahihisha. Hii si tiba ya ugonjwa wa kusahau, lakini ni zoezi zuri.

Kinachowazuia wengi ni haya. Hata hivyo, Kimani Maruge alikuwa na umri wa miaka 84 alipojiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka wa 2004, akaketi na watoto.

Ufanyeje basi? Chagua jambo moja usilolijua kabisa: kufuma sweta, kufuga nyuki, kuogelea au kupiga gitaa. Tafuta mwalimu, hata akiwa mjukuu wako. Tenga saa kadhaa kila wiki. Ikiwa ni zoezi la viungo na una shinikizo la damu au maradhi ya moyo, muone daktari kwanza.

Usijipime kwa wiki ya kwanza. Jipe miezi mitatu, kisha uamue kama utaendelea.