Tunduma, viwango vya Afrika Mashariki vinapoishia

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Tunduma, usome yale maandishi madogo kwenye mfuko wa saruji ambayo wengi wetu huyapita. Utakuta kitu kama CEM II/A-L 42.5 N, au CEM IV/B 32.5 R. Kisha vuka mpaka kwa miguu uingie Nakonde, usome mfuko wa Zambia. Kiwanda ni kingine na bendera ni nyingine, lakini 32.5 na 42.5 ni zilezile. Hakukuwa na kikao cha Dodoma na Lusaka kilichozibuni. Zimetoka Ulaya, kwenye kiwango kiitwacho EN 197-1 cha mwaka 2000, ambacho ndicho kilikuwa cha kwanza kwa vifaa vya ujenzi kuunganishwa rasmi na sheria ya soko la pamoja la huko. Afrika Mashariki ilikichukua ikakipa namba yake, EAS 18, na ndicho Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linachokitumia kupimia saruji yetu.

Maana ya 42.5 ni hii. Maabara huchukua gramu 450 za saruji, gramu 1,350 za mchanga na gramu 225 za maji, hukoroga kwa mashine, hujaza kwenye kalibu ya milimita 40 kwa 40 kwa 160, kisha vipande vikishashika hulazwa kwenye maji ya nyuzi 20. Siku ya 28 hubanwa mpaka vipasuke. Saruji ya daraja hilo inatakiwa istahimili nyutoni 42.5 kwa kila milimita ya mraba, yaani uzito wa kilo nne na ushee juu ya eneo dogo kuliko punje ya ulezi. Herufi R huonyesha kwamba inakomaa haraka siku za mwanzo, N kwamba inakwenda mwendo wa kawaida. CEM II/A-L inakuambia kuwa asilimia 6 hadi 20 ya saruji ile ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Haya hayafichwi, yamechapwa mfukoni.

Hata mchanga wa jaribio umepangiwa: aina yake, ukubwa wa chembe zake, unyevu wake. Bila hivyo maabara ya Berlin na ya Dar es Salaam zingekuwa zinapasua vitu viwili tofauti na kuviita jina moja. (Mchanga wa mtoni anaouchota fundi wako haumo kwenye mpango huo. Kwa hiyo 42.5 ya mfukoni si 42.5 ya nguzo yako. Hapo shughuli ni ya fundi na ndoo zake za maji.)

Ulaya haikufika huko kwa mapenzi. Miaka ya 1970 kila nchi ilikuwa na masharti yake, na masharti yalikuwa silaha nzuri ya kumzuia jirani. Ujerumani iliwahi kukataa kinywaji cha Kifaransa, Cassis de Dijon, kwa sababu kilevi chake hakikufika asilimia 25 ambayo sheria ya Ujerumani iliitaka kwa vinywaji vya aina hiyo. Yaani kilizuiwa kwa kuwa hakileweshi vya kutosha. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba bidhaa inayouzwa kihalali katika nchi moja mwanachama isizuiwe katika nyingine bila sababu nzito, kama vile afya ya watu.

Mwaka 1985 wakabadili na namna ya kutunga sheria. Awali walijaribu kuandika kila kipimo ndani ya sheria yenyewe, na mjadala wa kifaa kimoja ungeweza kula miaka. Tangu hapo sheria husema mambo makubwa tu: jengo lisiangukie watu, mashine isikate mkono wa mtumiaji. Vipimo vikaachiwa wataalamu wa CEN, chombo kilichoundwa 1961, na wenzao wa umeme na mawasiliano. Kwa bidhaa nyingi si lazima kufuata kiwango chao, lakini anayekifuata huhesabiwa kuwa ametii sheria, na anayekwenda njia yake mwenyewe hubeba mzigo wa kuthibitisha. Kuna kanuni nyingine ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kiwango cha Ulaya kikipitishwa, kila nchi mwanachama wa CEN hulazimika kukifanya chake na kufuta kile cha zamani kinachopingana nacho. Kwetu mara nyingi kiwango kipya huja, na utaratibu wa zamani nao hubaki kaunta ukidai ada yake.

Sasa turudi Tunduma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya mwaka 2006 ya Viwango, Uthibiti Ubora, Vipimo na Upimaji, na chini yake alama ya ubora ya TBS inapaswa kuheshimiwa Nairobi kama ya huko inavyoheshimiwa Mwanza. Kwa Tanzania, mpaka wa sheria hiyo upande wa kusini-magharibi uko hapa. Zambia haimo katika Jumuiya hiyo. Imo SADC na COMESA. Tanzania imo SADC, lakini COMESA ilijitoa mwaka 2000. Kwa hiyo shehena inayotoka Mbozi kwenda Nakonde huacha kundi moja la viwango na kuingia jingine kwa kuvuka barabara tu. Ajabu zaidi ni ya malori yaendayo Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hivyo mzigo unaotoka Dar es Salaam huiacha Jumuiya Tunduma, hukatiza Zambia nzima, kisha huingia tena kwenye Jumuiya ileile Kasumbalesa.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu. Maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, na lori husimama upande mmoja badala ya miwili. Ni hatua kubwa, lakini kukaa jengo moja hakumlazimishi ofisa wa huku kuikubali karatasi ya maabara ya kule.

Bidhaa inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko saruji ni mahindi, na mkoa huu wa Songwe ni wa mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kipimo cha kwanza mkulima anaweza kukikaribia nyumbani: hutia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, hutikisa, huacha kidogo, na chumvi ikiganda kwenye chupa basi mahindi bado mabichi. Kipimo cha pili hakionekani kwa jicho wala hakionjeki. Kuvu haliingii gunia zima sawasawa. Punje chache katika kona moja zinaweza kubeba sumu yote huku debe la juu likiwa safi. Ndiyo maana mchukua sampuli huchoma bambo juu, katikati na chini, katika magunia mengi ya shehena, akachanganya, akasaga, ndipo akapima. Akichoma gunia moja la karibu na mlango wa lori, cheti atakachopata kitasema habari za gunia hilo tu.

Sumu hii si ya kutungwa na watu wa forodha. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara. Agosti 2024 Zambia nayo ilikuta sumukuvu nyingi kwenye unga wa baadhi ya wasagaji, baada ya mbwa mamia kufa. Ulikuwa mwaka wa ukame kwao, mwaka uleule ambao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, alikubaliana kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Jirani anayenunua chakula kwa wingi namna hiyo ana haki ya kuuliza kilichomo ndani.

Swali ni kama kiwango cha pamoja kinatosha kumjibu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi kiwango. Nchi zote tatu zilikuwa na EAS 2 mezani, na namba ilikuwa moja, 10. Kilichokosekana ni imani katika upimaji wa mwenzako. Kwa hesabu yangu, kuandika kiwango ni nusu ya kazi, nayo ni ile nusu nyepesi.

Nusu ya pili ni ithibati. Ulaya, kila nchi ina chombo kimoja cha taifa cha kuzikagua maabara na kutangaza kwamba hii inaweza kupima kitu fulani kwa njia fulani. Cheti cha maabara iliyopita hapo hukubaliwa nchi nyingine bila kupima upya. Ukanda wetu una chombo cha kazi hiyo. SADCAS, chenye makao yake Gaborone, hutoa ithibati kwa maabara za nchi nyingi za SADC, Tanzania na Zambia zikiwamo. Maana yake ni kwamba maabara ya Dar es Salaam na ya Lusaka zinaweza kuwa zimekaguliwa na mkaguzi mmoja kwa kigezo kimoja. Hapo ndipo Tunduma inaweza kuungana na Nakonde hata kama EAS haivuki mpaka, kwa kuwa Tanzania na Zambia zote zimo SADC.

Kwamba inawezekana tunajua, kwa sababu barabarani imeshafanyika. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari iliweka ukomo wa tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake, na Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Zambia nayo ukomo wake ni tani 56. Dereva anayepita mizani ya Mpemba hahitaji kupunguza mzigo Tunduma ili aingie kwa jirani.

Reli inatufundisha hivyo hivyo, pamoja na gharama ya kutofuata. TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa na Wachina kuanzia 1970, ilipewa upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za Zambia na kusini. Behewa linalopita Tunduma linaweza kufika Kapiri Mposhi na kuendelea kwenye reli ya Zambia. Haliwezi kuingia reli yetu wenyewe ya kati, ya milimita 1,000, na mzigo hushushwa Kidatu na kupakiwa upya. Tumeongeza reli ya kisasa ya milimita 1,435. Sasa nchi moja ina vipimo vitatu.

Kwa TBS na wenzao wa Zambia ombi ni moja: wawekeane maandishi kwamba cheti cha maabara yenye ithibati kwa kipimo husika hakipimwi upya mpakani, isipokuwa kwa sampuli chache za kushtukiza. Kwa mfanyabiashara wa Mlowo au Vwawa, usisubiri maandishi hayo. Pima unyevu kabla ya kushona gunia, simama uone bambo linavyochomwa, na ukipewa cheti tafuta namba ya ithibati ya maabara. Kisha uliza kama ithibati hiyo inahusu sumukuvu kwenye mahindi, maana maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji tu.