Chesisi: Uchomelee Yako au Ununue?

Mafundi wa kuchomelea hawakosekani hapa Mombasa, iwe Changamwe au Kisauni, na wengi wao mkono wao ni mzuri. Kwa hiyo anayetaka kujiundia kigari cha mizigo au cha kupandia mchanga wa ufuoni huona ni rahisi kununua mabomba ya chuma na kuchomelea chesisi yake mwenyewe. Ushauri wangu ni huu: nunua chesisi ya gari kuukuu, nguvu zako zitie kwenye bodi.

Chesisi ndiyo inayoweka ekseli, springi na usukani mahali pake. Ikipinda milimita chache tu panapofungwa ekseli, gari litavuta upande na tairi zitaliwa mapema. Nacho chuma kina tabia yake: kikichomelewa hutanuka, kikipoa hunywea na kuvutia upande ule uliochomelewa. Kiwandani hubanwa kwanza kwenye fremu nzito isiyotikisika. Asiye na fremu hiyo hana budi kushikiza kwanza kwa vidoa vya kuchomelea, apime kona kwa kona hadi mishazari miwili ilingane, achomelee kidogo huku, kidogo kule, kisha apime tena. Siku nzima inaweza kuishia kwenye pembe moja.

Hata kampuni yenye wahandisi haikuepuka ugumu wa kuanzia mwanzo. Mobius, ya hapa Kenya, iliunda gari lake juu ya fremu ya mabomba. Gari lilifika sokoni, lakini Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufungwa kwa sababu ya madeni, ndipo akajitokeza mnunuzi. Fremu ile haikuwa mbaya. Bomba lililofungika hustahimili kusokotwa zaidi kuliko chuma cha umbo la U chenye uzito uleule. Ila kuanza na chuma kitupu kunadai mtaji na muda ambao fundi wa mtaani hana.

Ukinunua, usichukue Vitz wala Probox. Hayo hayana chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, ukiikata umeliua gari. Tafuta Land Rover ya zamani, Hilux au Land Cruiser ya kazi.

Halafu kuna kutu, adui mkubwa wa pwani. Upepo wa chumvi wa Likoni hula chuma, na matope yenye unyevu yakinasa ndani ya chesisi, kutu huanzia huko ndani ambako hakuonekani. Ingia chini ya gari na nyundo. Gonga panaposhikwa springi na juu ya ekseli ya nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mzito uliokufa. Iliyopakwa lami juzijuzi ikwangue kabla ya kuzungumzia bei. Ukishaimiliki, acha wazi matundu ya kutolea maji, wala usiyazibe kwa rangi.

La mwisho ni karatasi. Namba iliyogongwa kwenye chesisi lazima ilingane na ya kwenye logibuku. Iliyosagwa au kuchomelewa upya, iache hata ukipewa bure, maana huenda gari liliibwa. Chesisi ya kujichomelea haina namba ya kiwanda, hivyo kulisajili gari lake ni vigumu, na gari lisilosajiliwa halipati bima wala ruhusa ya kuingia barabarani. Kubadilisha bodi nako kunahitaji kuandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa hiyo waulize masharti kabla hujatoa hata shilingi ya rubuni.