Rubani wa Ukanda wa Dhahabu: Kubaki na Caravan au Kuhamia Ndege Kubwa

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Geita karibu na Ziwa Victoria, ndege ndogo imekuwa chombo cha kazi kwa muda mrefu. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, ulikuwa na kiwanja chake cha ndege, na migodi ya dhahabu iliyofuata, yaani Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, iliongeza idadi ya wahandisi, wataalamu na wafanyabiashara wasioweza kutumia siku nzima barabarani. Wanaowasafirisha watu hao hukabiliwa, mapema au baadaye, na uamuzi mmoja mgumu: ama kubaki katika kampuni ndogo ambako tayari ni makapteni, ama kuhamia shirika kubwa ambako wataanza tena kama wasaidizi. Uamuzi huo huchukuliwa na wengi kuwa suala la mshahara tu, ilhali kinachoupima vizuri zaidi ni saa zilizoandikwa katika kitabu cha rubani cha kumbukumbu za safari, pamoja na umri wake.

Ngazi ambayo marubani wengi wa Tanzania huipanda inajulikana. Chini yake ziko kampuni kama Auric Air, yenye mizizi Mwanza, na Coastal Aviation, zinazotumia zaidi Cessna Caravan, ndege ya panga boi yenye injini moja na nafasi ya abiria wapatao kumi na wawili. Katikati iko Precision Air, iliyoanzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo hurusha ATR, ndege za panga boi zenye injini mbili. Juu iko Kampuni ya Ndege Tanzania, ATCL, iliyofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege za Q400 za abiria 76 na ambayo tangu hapo imeongezewa Airbus A220 za abiria 132, Boeing 737 MAX na Boeing 787 za abiria 262. Nje ya mipaka kuna Kenya Airways, Ethiopian, RwandAir na mashirika ya Ghuba. Marekani ngazi hiyo imepangwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa huko kila shirika lina orodha ya marubani kwa tarehe ya kuajiriwa, na mwenye kuhama, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini, huandikwa mwishoni mwa orodha mpya na kusubiri zamu yake ya kuchagua ndege, njia na likizo.

Thamani ya saa zinazopatikana kanda ya ziwa haipaswi kudharauliwa. Ardhi ya Shinyanga na Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi, na mchana wa jua kali ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Ziwa Victoria nalo huzaa mawingu ya radi usiku na alfajiri, hivi kwamba rubani wa safari ya kwanza ya asubuhi mara nyingi hulazimika kuamua mapema kama aendelee, azunguke au arudi. Viwanja vingi vidogo havina mnara wa kuongozea ndege, na mara nyingi katika Caravan hakuna mtu wa pili wa kushauriana naye. Saa zinazopatikana katika hali hiyo huitwa saa za ukapteni, yaani saa ambazo rubani amebeba mwenyewe wajibu wa mwisho wa ndege, na ndizo saa ambazo msaidizi wa rubani katika ndege kubwa huweza kukaa miaka mingi bila kuzipata. Ajali ya ATR ya Precision Air iliyotumbukia ziwani ilipokuwa ikikaribia Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ambapo watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha, iliikumbusha nchi nzima kwamba kanda hii haimsamehe mtu kwa sababu ndege yake ni kubwa.

Hata hivyo, saa hizo zina pengo, na ndipo hoja ya kuhama inapopata nguvu. Leseni ya rubani wa biashara, ambayo humruhusu mtu kulipwa kwa kurusha ndege, ni ngazi ya kati tu. Ya juu kabisa ni leseni ya rubani wa usafirishaji, ambayo bila hiyo mtu hawezi kuwa kapteni wa ndege inayohitaji marubani wawili. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, huzifuata katika kutoa leseni, zinataka mwombaji awe na saa 1,500 za kuruka, zikiwemo saa 100 za usiku na saa 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo badala ya macho, kisha afaulu mtihani katika ndege ya injini zaidi ya moja inayorushwa na watu wawili. Rubani wa Caravan wa Geita anaweza kutimiza saa 1,500 katika miaka michache na kuzidi, lakini viwanja anavyovitumia vingi havina taa na safari zake nyingi huisha kabla jua halijazama, kwa hiyo saa za usiku humjia kidogo kidogo, na saa za injini mbili hazimjii kabisa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa hodari kuliko wenzake wote wa rika lake na bado akakosa sifa ya karatasi. Miaka zaidi ya Caravan haiwezi kuliziba pengo hilo.

Umri unaubana uamuzi huu kwa njia ambayo vijana hawaifikirii. Kanuni hizo za kimataifa humruhusu rubani wa ndege za biashara kufanya kazi mpaka miaka 65 ikiwa ndege inarushwa na marubani wawili, lakini anayeruka peke yake hukoma akitimiza miaka 60. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho hupimwa kila mwaka, huanza kupimwa kila miezi sita kwa rubani aliyevuka miaka 40 ikiwa anabeba abiria akiwa peke yake. Anayebaki katika Caravan ya rubani mmoja, kwa hiyo, amekubali kazi fupi kwa miaka mitano, na vipimo vya mara kwa mara zaidi, na hilo linapaswa kuingia katika hesabu ya mshahara kama vile posho na nyumba zinavyoingia.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni uimara wa shirika analoliendea, na hapa historia ya Tanzania inafundisha tahadhari. Shirika la Ndege la Tanzania, mtangulizi wa ATCL, lililozaliwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa East African Airways, liliingia ubia na South African Airways mwaka 2002, likatengana nayo mwaka 2006, na kwa miaka iliyofuata likabaki karibu bila ndege. Fastjet iliingia mwishoni mwa 2012 kwa ndege za Airbus A319, na safari zake za kwanza zilikuwa kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro, lakini kufikia mwanzoni mwa 2019 ilikuwa imekoma nchini. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 liliwaondoa marubani kazini hata Emirates. Ndege kubwa zenyewe pia huweza kusimama: A220 za ATCL ziliegeshwa mwaka 2022 kwa sababu ya matatizo ya injini yaliyoyakumba mashirika mengi duniani, na Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake. Rubani ambaye ndege yake imeegeshwa haongezi saa, na sharti la kupaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 ili aendelee kubeba abiria humfuata hata kama kosa si lake.

Liko pia suala la mkataba wa mafunzo. Kila aina ya ndege kubwa huhitaji kibali chake, ambacho hupatikana baada ya masomo na mazoezi katika mtambo unaoiga chumba cha marubani, na mashirika mengi hugharimia mafunzo hayo kwa sharti kwamba rubani atumikie miaka kadhaa au arudishe fedha. Sharti hilo ni la haki likiandikwa kwa uwazi, lakini humgeuka rubani pale ambapo deni halipungui kadiri anavyotumikia, au pale ambapo mkataba hausemi lolote kuhusu shirika lenyewe kusitisha safari. Mkataba wa namna hii usomwe na mwanasheria kabla ya kutiwa saini.

Kwa rubani mwenye umri chini ya miaka 40, ambaye amekwisha kupata miaka michache ya ukapteni wa kweli katika Caravan, jibu ni kuhama, na hatua yenye busara zaidi kwa walio wengi ni ATR au Q400 kabla ya ndege za masafa marefu, kwa sababu safari fupi humpa rubani kutua mara nyingi kwa siku, saa za usiku, na nidhamu ya kufanya kazi na mwenzake. Anayekimbilia Boeing 787 moja kwa moja hukusanya saa nyingi na kutua kuchache. Kwa aliyevuka miaka 45, mwenye nyumba Mwanza na watoto shuleni, kubaki si kushindwa hata kidogo, mradi adai cheo cha mkufunzi au mkaguzi wa marubani ndani ya kampuni yake.

Migodi inayokodi ndege hizi nayo ina wajibu. Flight Safety Foundation ilitoa mwaka 2010 viwango vya usafiri wa anga kwa ajili ya kampuni za madini, ambavyo hutaja uzoefu ambao rubani lazima awe nao, na mgodi unaodai makapteni wenye saa nyingi hauwezi wakati huohuo kukubali zabuni ya bei ya chini kabisa, kwa kuwa bei hiyo ndiyo inayowafukuza makapteni hao. Wanaosimamia mikataba ya ndege katika migodi ya Geita na Kahama waandike ndani ya zabuni zao malipo ya kapteni mzoefu, na wayalinde kama wanavyolinda malipo ya mhandisi wa milipuko.