Protini za Takriri: Nasaba au Mfanano wa Umbo?

Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizopangwa kwa mfuatano maalumu. Katika baadhi ya minyororo hiyo kipande kimoja hurudiwa mara kadhaa, kila kipande kikimfuata mwenziwe bila kufanana naye kabisa. Hizo ndizo protini za takriri. Kipande cha ankirini kina asidi amino zipatazo 33.

Takriri hizo huzaliwa ndani ya jeni: sehemu yake hunakiliwa, nakala hukaa kando ya asili, kisha kila moja hubadilika kwa njia yake. Vipande vya protini moja, basi, kwa kawaida ni ndugu. Ugumu huanza pale familia moja inapolinganishwa na nyingine.

Andrey Kajava alizigawa katika matabaka matano kwa kufuata urefu wa kipande, kuanzia asidi moja au mbili, kupitia kolajeni yenye mpigo wa asidi tatu, hadi vipande virefu vinavyojikunja kila kimoja peke yake, mithili ya shanga katika uzi. Mpango huo wafaa sana, ila hautaji babu. Mwanaisimu ataukumbuka uainishaji wa Malcolm Guthrie, ulioipa Kiswahili alama G42 na Kiluba L33: kanda zake zilichanganya sifa za lugha na ujirani wa mahali, na jirani si lazima awe ndugu.

Jambo hili si dogo. Kazi ya protini isiyojulikana hukisiwa kwa kutazama jamaa zake; anayekosea ukoo hukosea na kazi. Lakini kipande cha asidi 40 ni kifupi mno kuhifadhi alama nyingi za kale. Familia za HEAT na armadilo zilipewa majina mbalimbali (HEAT ni herufi za mwanzo za protini nne, mojawapo huntingtini, ambayo kasoro yake huleta ugonjwa wa Huntington), hata mwaka 2001 Miguel Andrade na wenzake walipotoa hoja kwamba asili yake ni moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni protini zenye umbo la pangaboi. Mwaka 2008 Andrei Lupas na wenzake walionyesha kwamba mabapa ya nyingi kati yake yana asili moja, ilhali idadi ya mabapa iliongezeka mara nyingi, kila ukoo kwa wakati wake. Pangaboi mbili zenye mabapa saba saba zaweza kuwa zimeifikia saba kila moja kwa njia yake.