Nairobi, mji ulio mlangoni mwa msitu na nyika

JUMAPILI ukiwapeleka watoto katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, usiwe na pupa ya kumtafuta simba. Ukishapita lango kuu la barabara ya Lang'ata, tazama miti kwanza.

Hapo uko msituni. Kuna mizeituni mwitu, kuna na mihugu, ule mti mgumu unaopendwa sana na wachonga vinyago. Endelea kuteremka. Baada ya ukanda mwembamba wa vichaka, miti inatoweka na nyasi zinatanda kuelekea Athi River. Mbuga hii iliyotengwa mwaka wa 1946 ina kilomita mraba 117 tu, lakini imebeba nchi mbili.

Kwa nini? Mvua ni sababu moja: magharibi, nchi iliko juu, hunyesha zaidi. Sababu ya pili ni udongo, na hapa mkazi wa Embakasi hahitaji mwalimu. Anaujua ule udongo mweusi unaong'ang'ania viatu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa; nyufa zikifunguka, hukatika. Udongo mwekundu wa Karura hupitisha maji vizuri, na mizizi hushuka itakavyo.

Kisha kuna moto. Penye nyasi kavu hupita mbio na kuteketeza miche, ilhali nyasi zenyewe huchipuka tena kutoka mizizini. Penye miti iliyosongamana, kivuli huua nyasi, na moto hukosa cha kula. Kila upande hujilinda hivyo.

Upo mti ulioushinda udongo mweusi, nao ni mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi miibani. Ndani ya vinundu hivyo huishi sisimizi, ambao humvamia twiga anapokuja kula majani. Zima injini usikilize: upepo ukipita kwenye matundu yao, mti hupiga mluzi!

Wajenzi wa reli walipofika mwaka wa 1899, walipiga kambi papa hapa mpakani, kwenye tambarare kabla ya kupanda milima. Jiji likapanuka pande zote mbili. Msitu umepata watetezi. Profesa Wangari Maathai alipigwa mwaka wa 1999 akiitetea Karura. Na nyika je? Wengi wetu huiona kama kiwanja kitupu kinachongoja nyumba, au miche. Nyumbu waliozoea kutoka mbugani kwenda malisho ya Kitengela msimu wa mvua sasa hukuta seng'enge na mawe ya ujenzi.

Mimi mwenyewe sikuyajua haya mapema. Nilipanda muhugu mara mbili uani kwangu Embakasi, nikaumwagilia kila jioni, na mara zote mbili ulikauka kabla ya mwaka kwisha. Mgunga uliojiotea kando ya ukuta, ambao sijawahi kuupa hata kikombe cha maji, sasa umenipita kimo.