Saa ya mkono: Usihadaiwe na kung'aa kwake

Hebu fikiria, msomaji, uko malishoni mbali na mji wa Garissa katika mwezi wa Ramadhani. Hakuna msikiti karibu wa kukusikilizisha adhana, na simu ilizima jana kwa kukosa chaji. Unaitazama saa yako ya mkono, unaona bado una dakika kumi za daku, nawe unajimiminia chai bila haraka. Kumbe saa imechelewa kwa robo nzima na alfajiri imekwisha kuingia! Utashinda na njaa, na juu ya njaa utashinda na wasiwasi juu ya saumu yako.

Au pengine safari yako ni ya Nairobi, mwendo wa kilomita 370 hivi. Basi la alfajiri halimngoji mtu ambaye saa yake imelala.

Kwa hivyo saa si pambo tu. Lakini je, ni lazima ununue ya bei ghali ndipo uiamini? La, hasha. Saa nyingi za betri hupima wakati kwa kipande cha jiwe la kwatsi kinachotetema mara 32,768 kwa kila sekunde. Saa ya kwanza ya mkono ya aina hiyo ilitolewa na kampuni ya Seiko ya Japani mwezi Desemba 1969, na bei yake ilitoshana na ya gari dogo. Siku hizi ufundi huo huo umo ndani ya saa za bei ya chini. Mfano ni Casio F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Mtengenezaji anasema haikosei zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na betri yake hudumu miaka 7 hivi. Saa ya kutia ufunguo, hata ikiwa ghali, yaweza kukosea kiasi hicho kwa siku chache tu.

Basi kinachoziua saa za rahisi katika sehemu zetu ni maji, joto na vumbi. Hayo ndiyo ya kuangalia unaponunua.

Wakati wa kununua

Igeuze saa kwanza. Mfuniko wa nyuma uwe umekaza sawasawa, usiwe na mwanya hata wa ukucha, maana vumbi letu halihitaji mlango mpana. Rangi ya dhahabu isikupumbaze. Mara nyingi ni rangi tu, na jasho la mwezi mmoja laweza kuichubua. Isitoshe, Waislamu wanaume hawavai dhahabu.

Ukiuziwa F-91W, bonyeza kitufe cha kulia kwa sekunde tatu. Ile halisi huandika jina la Casio kwenye kioo. Isipoandika, irudishe. Hata ikiandika, bado kagua mfuniko na mkanda, kwani waigaji nao ni werevu.

Maji na udhu

Mtu anayetawadha mara tano kwa siku huilowesha saa yake kuliko anavyodhani. Ukiona imeandikwa mita 30, usidhani waweza kupiga mbizi nayo mtoni Tana. Maana yake ni kuwa yastahimili matone na mvua tu. Mwenye kuogelea atafute ya mita 100.

Kwa kuwa maji ya udhu hayana budi kufika kwenye ngozi, legeza mkanda au uivue saa uitie mfukoni. Usiiweke kando ya mfereji. Ni saa ngapi zimesahauliwa hapo! Wala usibonyeze vitufe vikiwa vimelowa.

Joto na mkanda

Garissa, joto la nyuzi 35 si jambo la ajabu. Mkanda wa ngozi hunywa jasho, ukanuka na kukatika. Wa kitambaa cha nailoni wafaa zaidi, kwani hufuliwa kwa sabuni na kukauka upesi. Wa plastiki pia ni mzuri, ila uuepushe na dawa za kujipaka za kufukuza mbu, kwani baadhi yake huila plastiki. Marashi nayo yapake mbali na mkanda. Kila wiki ipanguse saa kwa kitambaa chenye unyevu, hasa pale mkanda unapoungana na saa, maana ndipo chumvi ya jasho hujificha.

Usiiache saa mbele ya dereva chini ya kioo cha gari juani. Tarakimu zaweza kugeuka kiza, na betri huchoka kabla ya siku zake.

Betri

Hapa ndipo wengi hupunjwa. Betri mbili zaweza kulingana kwa umbo na bado zisiwe sawa. Ile ya SR626 ni ya fedha, na ile ya LR626 ni ya alkali. Ya alkali ni rahisi, lakini huisha mapema na huvuja kwa urahisi zaidi, na maji yake yakishamwagika ndani, huenda yakaiharibu saa. Basi ikiwa saa yako hutumia saizi hiyo, mwambie fundi akuonyeshe maandishi kabla hajaitia. Herufi ya kwanza iwe S. Mwambie pia autazame ule mpira mwembamba ulio chini ya mfuniko. Ukiwa umekatika, maji yataingia.

Saa ikisimama, usiitupe sandukuni na betri yake iliyokufa. Itoe siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho, jizoeze kulinganisha saa yako na simu yenye mtandao kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, au Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Ukiona inazidi kuchelewa wiki baada ya wiki, usingoje Ramadhani ikufike malishoni. Ipeleke kwa fundi ukiwa bado mjini.